Usawa wa Macho ya Twiga

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Lilikuwa nafasi tu, ile hewa inayokaa kati ya neno na neno ili maneno yasigongane vichwa. Aliyeisahau ni mpokezi wa jumba la sanaa, dada mmoja ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hazimiki, na ambaye Ijumaa hiyo alipokea simu huku shavu moja limejaa biskuti.

"Jumanne saa nne asubuhi," sauti ya upande wa pili ilisema, "tunamtuma mwenye kiti, aje akague kama jumba lenu linapitika."

Redio akameza biskuti, akaandika: Mwenyekiti anakuja Jumanne saa nne. Kukagua. Akalipigia mistari miwili neno Mwenyekiti, ili aonekane ameuelewa uzito wa jambo.

Simu ilitoka kwa chama cha watu wenye ulemavu. Mwaka uliopita wanachama wake walialikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho. Walikuja wamependeza, wakakuta ngazi kumi na mbili zimewakenulia meno, wakarudi walikotoka. Safari hii Mkurugenzi alikuwa ameapa. Alijenga njia ya mteremko pembeni mwa ngazi. Alitenga chumba cha utulivu kwa wale ambao kelele na mataa huwachoma kama pilipili jichoni. Alitoa vinyago vitatu kutoka ndani ya makabati ya vioo, ili asiyeona avione kwa vidole. Kisha akabandika bango mlangoni: KARIBUNI WOTE. Wanachama sitini ndio waliotarajiwa kuwa wageni wa kwanza, Jumamosi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na chama kilisema kwanza kitume mtu. Akikubali, sitini watakuja. Akikataa, haji hata mmoja.

Mkurugenzi alisoma karatasi ya Redio akakaa chini. "Mwenyekiti mwenyewe? Mwenyekiti mzima?"

"Mzima kabisa, mama," Redio akasema. "Hata sauti ya karani wake ilikuwa imenyooka kama imepigwa pasi."

Basi shughuli ikaanza. Zulia jekundu lilitolewa stoo, likakung'utwa mpaka jirani akafunga madirisha, likatandikwa juu ya njia ya mteremko. Vyungu vya maua vikapangwa kushoto na kulia. Na kile kiti kikubwa cha mikono, ambacho Mkurugenzi hukikalia siku za mkutano tu, kikabebwa hadi katikati ya ukumbi. Aliyekibeba ni fundi wa kutundika picha, na hadithi hii ni yake.

Walimwita Pima, kifupi cha pimamaji. Kifaa hicho cha kupimia kama kitu kimelala sawa hakikumtoka mfukoni. Alikiweka juu ya fremu, juu ya rafu, na nyumbani juu ya meza ya chakula. Siku moja mkewe alimkuta amekilaza kitandani, kalikodolea macho lile povu dogo la ndani yake. Akamwambia, "Siku utakayonipima mimi, utalala na hilo povu lako."

Lakini fahari yake hasa ilikuwa fimbo. Aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, mzee aliyekwisha kustaafu, mrefu mpaka watu walimwita Twiga. Ilikuwa fimbo ya mraba ya mti mgumu, sentimita mia moja sabini na tano kamili. Unaisimamisha ukutani, na pale inapoishia ndipo katikati ya picha panapokaa. "Huo ndio usawa wa macho," Twiga alimfundisha, na Pima hakuuliza zaidi, kama mtu asivyouliza kwa nini Jumatatu huja baada ya Jumapili. Miaka ishirini alitundika kwa fimbo hiyo. Akimaliza husimama mbele ya picha zake, kidevu kakiinua kidogo. Yeye alidhani ni heshima kwa sanaa.

Jumatatu jioni Mkurugenzi alimkuta akifuta alama za vidole kwenye vioo.

"Pima, nisikilize. Kuna kampuni ina mashine ya mwanga mwekundu. Wanatundika jumba zima kwa nusu siku, na wakubwa wangu wameshaipenda. Mkaguzi akipita hapa akaridhika, nitawaambia mimi nina fundi wangu. Asiporidhika, sitakuwa na la kusema."

"Ataridhika, mama. Hapa hakuna picha iliyopinda hata unywele."

"Sikusema zimepinda," Mkurugenzi akasema, akaondoka na viatu vyake virefu, ko, ko, ko.

Jumanne saa nne kasoro dakika tano wote walijipanga mlangoni: Mkurugenzi na shada la maua, Redio na kitabu cha wageni, Pima na fimbo yake kama mlinzi wa mfalme. Mlinzi wa kweli, ambaye walimwita Afande ingawa cheo chake kikubwa kilikuwa ufunguo wa geti, alisimama nje kuangalia barabara.

Teksi ikasimama. Akashuka mama mmoja mwenye miwani na shati lililopigwa pasi. Dereva akamtolea kiti cha magurudumu, mama akakikalia, akajisukuma mpaka getini.

"Mama, samahani," Afande akasema kwa adabu zote. "Subiri hapo pembeni kidogo. Tunamsubiri mwenyekiti."

"Ndiye mimi."

"Hapana, mama. Mwenyekiti."

"Na mimi nasema hivyo hivyo. Mwenye kiti." Akapiga gurudumu lake makofi mawili. "Au unaona nimekalia ngamia?"

Afande alitazama kiti, akatazama barabara kama vile bado kuna tumaini, akatazama kiti tena. Kule mlangoni Redio alifungua kitabu cha wageni akajifunika nacho uso.

Mgeni alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu hacheki mpaka jibu litoke. Aliingia kwenye njia ya mteremko. Magurudumu ya mbele yakalikunja zulia, likajaa miguuni kama shuka la mtu aliyeota vibaya. Pima akakimbia kulivuta. Wakasogea hatua mbili, gurudumu la kulia likakwama kwenye chungu cha maua. Afande akakibeba. Wakasogea, gurudumu la kushoto likakwama kwenye chungu cha pili.

"Hii njia," Mwalimu akauliza, "mlijenga ipitike, au mlijenga ipendeze?"

"Ilikuwa inapitika mpaka jana," Mkurugenzi akakiri.

Ndani wakakutana na kile kiti cha mikono katikati ya ukumbi, kimeng'arishwa, kimeziba njia.

"Hiki ni cha nani?"

Pima akasema ukweli, maana uongo ulikuwa umekosa pa kujificha. "Ni chako, Mwalimu. Tulikuandalia."

"Asanteni. Mimi nimekuja na changu."

Hapo mgeni akacheka, na aliyefuata kucheka ni Redio, kwa sauti iliyowafanya wengine nao wapone. Mwalimu akaanza kukagua. Chumba cha utulivu alikisifu, lakini akanyamaza kusikiliza, akanyoosha kidole juu. Feni lilikuwa likilia kama mbuzi aliyesahaulika. "Kuna kijana kwetu, sauti hiyo kwake ni msumari sikioni. Litiwe mafuta." Vinyago alivipapasa akavipenda. Kisha akafika kwenye ukuta wa picha, picha ishirini na sita, na Pima akavuta pumzi ya mtu anayekaribia kupongezwa.

"Zote zimetundikwa kwa usawa wa macho," alisema, fimbo mkononi.

"Macho ya nani?"

Swali lilikuwa fupi sana, halikumpa Pima pa kushika. "Ya mtu," alisema.

"Mtu gani? Mimi pia ni mtu, hata wanafunzi wangu hukubali, siku ambazo si za mtihani. Hebu kaa pale." Akaonyesha kiti cha mikono. "Kisogeze hapa, mbele ya picha ya huyu fundi viatu. Sasa kaa, utazame, uniambie unaona nini."

Picha ilikuwa ya fundi viatu akiwa kazini. Pima aliijua kama anavyolijua jina la mkewe. Akakaa. Akainua uso. Kwenye kioo akaona taa tatu za dari, na ya nne, ya mviringo zaidi, ambayo baada ya kuikazia macho aliitambua kuwa ni upara wake mwenyewe. Chini kabisa, pembeni mwa mng'ao, zilibaki soli mbili za viatu.

"Naona taa," akasema taratibu. "Na kichwa changu."

"Mimi nami naona kipaji changu cha uso. Ninacho tangu kuzaliwa, sihitaji kutoka nyumbani kuja kukitazama." Mwalimu alifunga daftari lake. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayerudisha karatasi ya mtihani kwa mwanafunzi anayempenda. "Njia ni ya kuondoa zulia na maua tu, hiyo ni kazi ya saa moja. Lakini siwezi kuleta watu sitini kutazama soli. Nitarudi Ijumaa saa nne. Nikiona soli, basi."

Alipoondoka, Mkurugenzi hakumkemea Pima. Aliutazama ukuta, akamtazama yeye, akasema, "Siku tatu," na Pima akasikia kama mlio wa ile mashine ya mwanga mwekundu.

Pima alienda nyumbani na swali kama mtu aliyemeza kokwa la embe. Macho ya nani? Kabla ya chakula cha jioni alichukua tepu na penseli, akamsimamisha mkewe kwenye fremu ya mlango, akachora mstari usawa wa jicho. Akamkalisha, akachora tena. Akampima binti yake, ambaye alisimama kwa vidole vya miguu ili awe mrefu, akakanywa. Kisha akamwendea mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi akichambua mboga.

"Mama, naomba nikupime kidogo."

"Mwanangu, unanipimia jeneza?"

"Hapana, mama. Macho."

"Macho yangu yako palepale ulipoyakuta ulipokuja kuposa," mama mkwe akasema, ila akakaa wima. Akiwa kwenye kochi, macho yake yalikuwa chini kuliko ya Mwalimu.

Asubuhi aliendelea kazini. Alimpima Afande, sentimita mia hamsini na nane, ingawa alikataa kuvua kofia. Alimpima Redio, aliyezungumza muda wote mpaka penseli ikachora wimbi. Aliwapima wafagiaji, mleta barua, na mteja mmoja aliyeingia kuuliza choo. Mkurugenzi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alifunga mlango wa ofisi, akavua viatu vyake virefu, akasimama ukutani.

"Usimwambie mtu," alisema.

Mia arobaini na nne. Pima aliangalia namba, akaangalia viatu vilivyolala sakafuni, akaelewa kwa nini miaka yote mama huyu alikuja kazini amesimama juu ya ngazi.

Aliowapima walikuwa ishirini na mmoja. Hata mmoja hakufika mia sabini na tano. Akampigia simu mzee wake.

"Shikamoo, mzee. Ni Pima."

"Marahaba. Picha imeanguka?"

"Hapana. Nauliza, ile mia sabini na tano ilitoka wapi?"

"Kwenye macho."

"Ya nani, mzee?"

Mzee akakohoa. "Yangu. Siku ile nilikuwa peke yangu kazini. Ulitaka nipime ya paka?"

Pima akaishusha simu. Miaka ishirini jumba zima lilikuwa limeinua shingo kumfuata mtu mmoja, na mtu huyo walimwita Twiga kila siku, na hakuna, hata mmoja, aliyejiuliza.

Alhamisi aliiteremsha kila picha. Akaziba matundu, akayapaka rangi mpaka ukuta ukasahau. Alipiga hesabu juu ya alama zake, za waliosimama na waliokaa, akapata mahali ambapo aliyekaa hainui shingo na aliyesimama hainami hata afike kiunoni. Sentimita mia thelathini na tano. Kisha akailaza fimbo ya Twiga mezani na kuchukua msumeno.

Redio alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jumba hilo hakusema kitu. Pima alipima mara tatu, maana mti ukishakatwa haurudi, akakata. Kipande cha sentimita arobaini kikaanguka sakafuni kwa sauti ya kitu kinachoomba radhi.

Usawa ulikuwa umepatikana, lakini ule mng'ao ulibaki. Aliitundika ile ya fundi viatu kwa urefu mpya, akakaa kwenye kiti cha mikono: taa zikiwa mbili sasa, na upara. Akainuka, akaivuta picha sehemu ya juu kidogo kutoka ukutani, iiname kama mtu anayemsikiliza mtoto. Redio akaketi badala yake.

"Zidisha," akasema. "Bado. Bado. Hapo. Zimeondoka taa zote. Pima, huyu mzee ana nini mdomoni?"

"Nani?"

"Fundi viatu. Ana kitu mdomoni."

Pima akaenda kukaa. Fundi viatu alikuwa ameinamia kazi yake, na kati ya midomo alikuwa amebana sindano, nyembamba, yenye uzi uliopotea gizani mwa shati. Miaka minane picha hiyo ilikuwa mikononi mwake. Aliita Mkurugenzi. Mkurugenzi alikaa, akainama mbele, akashika kifua.

"Mimi nilijua ni jino la dhahabu," alisema.

Palihitajika kitu cha kuifanya kila picha ibaki imeinama vile vile, kabari ndogo ya mti, ngumu, isiyobonyea. Pima aliangalia sakafuni. Alikiokota kile kipande cha sentimita arobaini, akakipiga mistari, akakikata kabari ishirini na sita. Hakikubaki hata cha kuchokolea meno.

Ijumaa saa nne Mwalimu alipanda njia ya mteremko bila zulia, bila chungu, bila kusaidiwa. Akapita chini ya feni, akasimama kulisikiliza, likanyamaza vizuri. Akafika ukutani. Alikwenda picha kwa picha, taratibu, kama anayesahihisha madaftari, na Pima alimfuata nyuma hatua tano, jasho likitafuta njia mgongoni. Mbele ya fundi viatu alisimama. Alikaa hapo muda ambao Pima aliuhesabu kwa mapigo ya moyo, akapotea kwenye mia mbili.

"Sindano," Mwalimu akasema mwishowe, hakumgeukia. "Baba yangu alikuwa akiibana hivyo hivyo. Mama alikuwa akimwambia, ipo siku utaimeza na sisi tutakushonea nini." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mtu mrefu atainama kidogo hapa."

"Ainame," Pima akasema. "Sisi tumeinua shingo miaka ishirini."

Mwalimu akafungua daftari, akaandika, akachana karatasi akampa yeye, si Mkurugenzi. Iliandikwa: Watakuja sitini. Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya ualimu, aliweka alama ya vema.

Jumamosi walikuja sitini na wanne, maana kizuri huwa na ndugu. Walikuja kwa magurudumu, kwa magongo, kwa kushikana mikono. Wasioona walizunguka vinyago, wakibishana kama yule wa tatu anacheka au anapiga chafya. Kijana wa feni alikaa kwenye chumba cha utulivu dakika kumi, akatoka mwenyewe, akatazama picha zote, akarudi tena kukaa, akiwa na furaha yake kimya. Wazee walipanga foleni kukalia kile kiti cha mikono mbele ya fundi viatu, na mama mkwe wa Pima, alipokifikia, hakutaka kuondoka. "Nimepimwa kwa ajili ya hapa," aliwaambia waliomngoja. Redio aliandikisha wageni. Kila alipofika kwenye neno mwenye kiti, aliacha nafasi ambayo basi lingeweza kugeuzia humo.

Wakubwa wa Mkurugenzi walikuwepo pia. Mmoja aliuliza ni kampuni gani iliyotundika. Mkurugenzi, aliyekuja siku hiyo na kandambili za ngozi, akamshika Pima bega. "Hakuna kampuni," alisema. "Huyu ni fundi wangu." Pima alitazama povu la pimamaji yake ili asitazame watu. Lilikuwa katikati kabisa.

Twiga aliingia saa tisa. Alisimama mbele ya ukuta, akainama kidogo, akainama tena, akageuka.

"Umenishusha," alisema.

"Nimekusogeza karibu, mzee."

"Na fimbo yangu iko wapi?"

Pima akaileta. Mzee aliipokea, akaiona ilivyokuwa fupi, akapapasa pale ilipokatwa. Uso wake ulikuwa mgumu kusoma kule juu. "Na kipande changu?"

Pima alimshika mkono wake mrefu, akaupitisha nyuma ya fremu ya fundi viatu mpaka vidole vikagusa kabari. Kisha nyuma ya picha ya pili. Kisha ya tatu. Ya nne mzee aliitafuta mwenyewe. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa ukuta, akigusa moja moja, watu wakimpisha, akarudi pale Pima alipokuwa amesimama.

"Ishirini na sita," alisema.

"Ishirini na sita, mzee."

"Zimenyooka zote?"

Pima akampa pimamaji. Twiga aliiweka juu ya fremu, akainama kulisoma povu, na alipoinuka, hakuinuka mpaka juu kabisa. Alibaki palepale, usawa wa wenzake, akitazama sindano.